Wallace Sabine: mwalimu aliyebeba matakia usiku na kuonyesha kwamba chumba ndicho kinachoharibu sauti

BUKAMA (Haut-Lomami) – Jioni ikiingia Bukama, kando ya mto Lualaba, muziki unasikika kutoka nyumba nyingi. Mwenye pano ya sola anawasha redio, mwenye betri anaunganisha simu na bafle. Na malalamiko ni yaleyale: sauti ni kubwa, lakini maneno ya mwimbaji hayaeleweki. Besi inanguruma, gitaa zinachanganyikana, mtangazaji wa habari anasikika kama mtu anayesemea ndani ya pipa.

Wengi wanamlaumu aliyewauzia bafle. Wengine wanaongeza sauti, na mambo yanazidi kuwa mabaya. Wengine tena wanaweka feza pembeni miezi mingi ili wanunue bafle kubwa zaidi, na ikifika nyumbani tatizo linabaki palepale.

Mtu aliyeonyesha kwa vipimo kwamba mara nyingi kosa haliko kwenye chombo wala kwenye koo la msemaji, bali kwenye chumba chenyewe, alikuwa mwalimu wa fizikia kutoka Marekani, Wallace Clement Sabine. Alikufa mwezi wa Januari 1919, mwaka mmoja tu baada ya reli kutoka Elisabethville, leo Lubumbashi, kufika Bukama. Wanaojenga kumbi za muziki na studio duniani kote wanalijua jina lake. Lakini kazi yake inamfaa pia mtu mwenye chumba kimoja cha matofali na dirisha moja.

Mtoto wa Ohio

Sabine alizaliwa tarehe 13 Juni 1868 huko Richwood, mji mdogo wa jimbo la Ohio. Mama yake, Anna, ndiye aliyesimamia masomo ya watoto kwa mkono wa nguvu, na kijana alikwenda mbio. Alipofikisha miaka 18 alikuwa tayari amemaliza masomo yake katika chuo kikuu cha Ohio. Akaenda Harvard, karibu na mji wa Boston, akaendelea na fizikia, kisha akabaki hapo kama mwalimu.

Hakuwahi kupata shahada ya udaktari, na aliandika machache sana. Wanafunzi wake walimfahamu kama mtu mpole, mwenye kupenda kazi ya maabara na asiyetosheka na kipimo chenye mashaka. Tabia hiyo ndiyo iliyomletea sifa, na ndiyo iliyomchosha pia.

Ukumbi usiotumika

Mwaka wa 1895 Harvard ilifungua jumba jipya la sanaa, Fogg Art Museum. Ndani yake kulikuwa na ukumbi wa masomo, mzuri kwa macho. Lakini mwalimu alipofungua kinywa, hakuna aliyemwelewa. Neno moja likitamkwa lilibaki likizunguka hewani zaidi ya sekunde 5 na nusu. Katika muda huo hata mtu anayesema polepole anatamka silabi 12 hadi 15 nyingine, na zote zinarundikana juu ya ile ya kwanza. Ukumbi wa feza nyingi ukawa hauna kazi.

Rais wa chuo, Charles Eliot, alimwita Sabine, ambaye alikuwa na miaka 27, akamwomba atafute dawa. Haukuwa mzigo mdogo. Wakati ule wajenzi waliona sauti nzuri ya ukumbi kama bahati: unajenga, unafungua mlango, ndipo unajua kama Mungu amekujalia. Sauti ikiwa mbaya, watu walitandika waya juu ya ukumbi wakiamini zitakamata mwangwi. Waya hazikusaidia kitu, lakini ziliendelea kutandikwa.

Sabine alianza kwa swali rahisi. Si mbali na hapo kulikuwa na ukumbi mwingine wa chuo, Sanders Theatre, ambao sauti yake ilisifiwa. Tofauti ni nini? Moja ilikuwa wazi: viti vya Sanders vilikuwa na matakia. Kama matakia yanameza sauti, basi mtu anaweza kupima ni kiasi gani yanameza.

Kazi ya usiku wa manane

Mchana haikuwezekana kupima kitu, kwa sababu tramu za barabarani na kelele za wapita njia zilifunika sauti ndogo. Kwa hiyo Sabine na wasaidizi wake walifanya kazi kuanzia saa sita za usiku hadi karibu saa kumi na moja za alfajiri. Walibeba matakia kutoka Sanders, wakayapanga katika ukumbi wa Fogg, wakapima, na kabla ya jua kutoka wakayarudisha kila moja mahali pake, maana asubuhi watu walihitaji kuyakalia.

Vyombo vyake vilikuwa vichache: filimbi moja ya kinanda cha kanisa iliyopulizwa kwa hewa ya tangi, mashini ya kuandika muda, na masikio yake mwenyewe. Filimbi inalia, inakatwa ghafula, naye anasikiliza hadi sauti inapotea kabisa. Muda unaandikwa. Kisha matakia mengine yanaongezwa na filimbi inalia tena. Kila mara walipoongeza, sauti ilikufa mapema zaidi. Walipofunika viti, njia za kupitia, jukwaa na ukuta wa nyuma, muda ulishuka kutoka zaidi ya sekunde 5 na nusu hadi sekunde 1 na kidogo.

Inasimuliwa kwamba siku moja aligundua kosa. Nguo alizovaa mwenyewe zilikuwa zinameza sauti, na hakuvaa nguo zilezile kila usiku. Tofauti ilikuwa ndogo, wengine wangeipuuza. Yeye alitupa vipimo zaidi ya 3,000, kazi ya miezi, akaanza upya, na tangu siku hiyo alivaa nguo zilezile kila alipopima.

Dirisha kama kipimo

Ili kulinganisha vitu mbalimbali alihitaji kipimo kimoja ambacho kila mtu anakielewa. Akachagua dirisha lililo wazi. Sauti ikifika kwenye dirisha wazi inatoka nje na hairudi. Ni sawa na kusema imemezwa yote. Kwa hiyo mita 1 ya mraba ya dirisha wazi ikahesabiwa kuwa 1, na kila kitu kingine kikalinganishwa nayo.

Orodha aliyoitoa baadaye inaweza kumshangaza mjenzi wa leo. Ukuta wa matofali na simenti ulipata 0.025. Maana yake, mita 100 za mraba za ukuta huo zinameza sauti sawa na dirisha la mita 2 na nusu tu. Iliyobaki yote inarudishwa ndani. Kitambaa chepesi chenye matundu kama shashi kilipata karibu 0.02, yaani si kitu. Zulia zito lilipata karibu 0.29. Tabaka nene la manyoya yaliyoshindiliwa, la sentimeta 2 na nusu, lilipata karibu 0.78. Na mtu mmoja aliyeketi katika ukumbi alihesabiwa kama mita 0.44 ya dirisha wazi. Kila anayeingia kusikiliza anakuwa sehemu ya dawa.

Usiku wa mwezi wa Oktoba

Miaka miwili na zaidi ilipita. Rais Eliot alichoka kungoja na kumwambia Sabine kwamba muda ulitosha. Ukumbi wa Fogg urekebishwe kwa yale aliyokwisha kujua. Kuta zikafunikwa kwa sehemu, na ukumbi ukaanza kutumika.

Mwaka wa 1898 likaja jambo kubwa zaidi. Tajiri Henry Lee Higginson, mwanzilishi wa orkestra ya Boston, alitaka kujenga ukumbi mpya wa muziki na aliogopa kutupa feza kwenye jengo lisilosikika. Eliot akamtaja Sabine. Lakini mwalimu alisita. Vipimo alikuwa navyo vingi, ila hakuwa na kanuni ya kutabiri sauti ya jengo ambalo bado halijajengwa.

Alijifungia na madaftari yake. Jioni ya tarehe 29 Oktoba 1898, akiwa nyumbani na mama yake, aliona jibu katika namba zake: ukizidisha muda wa sauti kwa jumla ya vitu vinavyomeza sauti, hesabu inabaki moja ileile kwa chumba kilekile. Furaha yake ya kwanza alimpelekea mama, aliyekuwa chumba cha pili. Kesho yake alimwandikia Eliot kwamba yuko tayari.

Kwa lugha ya kawaida kanuni inasema hivi: chumba kikiwa kikubwa, sauti inakaa zaidi, vitu vinavyomeza vikiongezeka mara mbili, muda unapungua kwa nusu. Chukua ujazo wa chumba kwa mita, zidisha kwa 0.16, gawa kwa jumla ya madirisha wazi ambayo vitu vyote vya ndani vinalingana nayo. Unapata sekunde.

Sifa iliyochelewa

Ukumbi wa Boston, Symphony Hall, ulifunguliwa tarehe 15 Oktoba 1900. Ulikuwa jengo la kwanza la muziki kupangwa kwa hesabu ya sayansi ya sauti. Mpango wa kwanza wa wajenzi, ule wa nusu duara kama uwanja wa Wagiriki, uliachwa. Wakachagua umbo la sanduku refu.

Lakini si wote waliofurahi. Baadhi ya wachambuzi wa muziki waliandika katika magazeti kwamba sauti haikuwaridhisha. Kwa mtu aliyetupa vipimo 3,000 kwa sababu ya koti, maneno hayo yaliuma. Leo ukumbi huo unahesabiwa kati ya bora kabisa duniani, pamoja na ule wa Musikverein wa Vienna na Concertgebouw wa Amsterdam. Makubaliano hayo yalikuja wakati yeye hayuko tena.

Hakuacha kazi. Mwaka wa 1902 alifanya jaribio linalotuhusu sisi wenye vyumba vidogo. Katika shule ya muziki ya Boston alichagua vyumba vitano vya piano na kuwaita wanamuziki wasikilize. Matakia yaliongezwa na kupunguzwa hadi waliposema sasa ni sawa. Kisha yeye akapima. Vyumba vilikuwa na ukubwa tofauti, lakini masikio ya wanamuziki yalichagua karibu muda uleule: sekunde 1.08 kwa wastani. Chini ya hapo piano ilisikika kavu. Juu ya hapo sauti zilivurugika. Sabine alishangaa kuona jinsi sikio lililozoea muziki lilivyo na hukumu ya uhakika.

Kutoka Kamina hadi sebule za mbali

Hapa kuna jambo ambalo Sabine hakuliona: karne ya santuri na redio. Mfano mzuri uko kwetu Haut-Lomami. Mwaka wa 1958, Kamina, kwaya ya Troubadours du Roi Baudouin chini ya padri Guido Haazen iliimba Missa Luba kwa mara ya kwanza. Wimbo huo uliwekwa kwenye santuri ukasambaa duniani, na Sanctus yake ikasikika hadi katika filamu ya Uingereza iitwayo If...., ya mwaka 1968.

Santuri kama hiyo inapita katika vyumba viwili: kile ambamo waimbaji walisimama, na kile ambamo msikilizaji ameketi. Mwangwi wa chumba cha kwanza umekwisha kuingia ndani ya santuri. Chumba cha pili kikiongeza mwangwi wake, sauti zinazidi kufunikana. Ndiyo maana wataalamu wa leo wanataka chumba cha kusikilizia muziki uliorekodiwa kiwe kimetulia kuliko vile vyumba vya piano, karibu nusu sekunde hivi.

Chumba cha Bukama kwa hesabu ya Sabine

Tuchukue chumba cha mita 4 kwa 4, urefu mita 3 kwenda juu, kilichopigwa simenti kila upande na kufungwa, bila kitu ndani. Ujazo wake ni mita 48. Kuta, sakafu na dari zina mita 80 za mraba. Kwa kipimo cha 0.025, jumla inalingana na dirisha wazi la mita 2 tu. Sauti itabaki karibu sekunde 4. Hakuna bafle, hata ya bei gani, itakayoshinda chumba hicho.

Sasa ingiza watu watano. Jumla inapanda hadi mita 4.2, na muda unashuka chini ya sekunde 2. Fungua dirisha la mita 1 na mlango wa mita 2 za mraba, tunafika karibu sekunde 1. Bado hatujatumia feza yoyote. Ongeza rido nzito zenye mikunjo, zulia nene au viti vyenye sponji, na matela moja iliyosimamishwa ukutani upande unaotazamana na bafle, na chumba kinaanza kutulia. Hesabu hii si kamili kwa vyumba vidogo, hasa kwa besi, lakini inaonyesha njia.

Kipimo cha nyumbani ni mikono miwili. Piga kofi moja kali katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaotetemeka baada ya kofi, kuta mbili tupu zinarushiana sauti. Weka kitu kinene kwenye mmoja wao. Rudia hadi kofi linakatika mara moja.

Besi inayonguruma ina dawa nyingine. Kitambaa chepesi hakiwezi kuimeza, inahitaji unene. Kwanza ondoa bafle kwenye kona, kwa sababu kona inaongeza besi, na uisogeze mbali kidogo na ukuta. Chandarua cha mbu hakitasaidia, ni kama kile kitambaa cha shashi. Plato za mayai ambazo watu wengi wanabandika ukutani nazo zinafanya kazi ndogo sana. Ni ndugu wa zile waya za zamani.

Na tusichanganye mambo mawili. Vitu laini vinatuliza sauti iliyo ndani, lakini havizuii kelele za jirani kuingia, wala mvua inayopiga mabati, wala muziki wako kumfikia mgonjwa wa nyumba ya pili. Dirisha wazi linatuliza chumba chako na kumpelekea jirani muziki wako wote. Jambo la mwisho: matela ya sponji inawaka haraka, isikaribie mshumaa wala taa ya petroli.

Mwisho wa mapema

Vita vya kwanza vya dunia vilimkuta Sabine akiwa mtu wa kutafutwa. Alifundisha Paris, katika Sorbonne, akapata ugonjwa akiwa Ulaya, lakini aliporudi Marekani hakupumzika. Alitumikia kazi za ndege za vita Washington, na wakati huohuo aliendelea na masomo Harvard, akisafiri huku na huku. Figo zilikuwa zinaumwa. Upasuaji aliuahirisha hadi vita viishe.

Vita viliisha mwezi wa Novemba 1918. Upasuaji ulichelewa mno. Wallace Sabine alikufa tarehe 10 Januari 1919, akiwa na miaka 50, akiacha mke, daktari Jane Kelly, na mabinti wawili. Maabara kubwa ya sauti iliyojengwa kwa ajili yake huko Illinois, Riverbank, hakuwahi kufanyia kazi. Ndugu yake wa ukoo, Paul Sabine, ndiye aliyeiongoza. Maandishi yake yalikusanywa na kutolewa kama kitabu mwaka wa 1922. Kipimo cha kumeza sauti, kile cha dirisha wazi, kinaitwa sabin hadi leo.

Hakuuza bafle wala hakuvumbua mashini. Alibeba matakia usiku, akasikiliza, akaandika, akarudisha matakia kabla ya wenyewe kuamka. Anayetaka kusikia vizuri rumba yake au habari za jioni hapa Bukama anaweza kuanza pale alipoanza yeye: kabla ya kununua chombo kingine, apige kofi moja na kusikiliza chumba chake kinajibu nini.